Mlango wa gereji umegoma Januari, na karo tayari imeondoka

Shikamoo dada,

Nakuandikia nikiwa nimetoka kazini na usingizi umekataa. Mimi ni mzaliwa wa Voi, naishi Brooklyn Park, Minnesota, pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili, wa miaka saba na minne. Nahudumia wazee, zamu za usiku. Mume anaendesha lori, huondoka alfajiri, na wakati mwingine hulala njiani siku tatu. Nyumba hii tuliinunua 2021.

Jumatatu iliyopita theluji iliyeyuka kidogo mchana, usiku ikaganda tena. Nilipotaka kwenda kazini nikabonyeza kitufe cha mlango wa gereji tunamolaza magari. Mashine ikanguruma, mlango ukatikisika lakini haukuinuka. Nikabonyeza tena na tena, labda mara tano. Mara ya mwisho nikasikia kama kitu kinasagwa. Tangu hapo mota naisikia ikizunguka, ila mnyororo hausogei hata kidogo, na juu ya boneti ya gari nimekuta unga mweupe kama wa sembe. Mume aligongagonga barafu ya chini, akavuta ile kamba nyekundu inayoutenganisha mlango na mashine, akauinua mlango kwa mkono mmoja. Alipofika katikati akauachia apumzike, ukabaki pale pale.

Tuliita kampuni moja. Fundi alikaa dakika kumi na tano, akaniandikia hivi: mashine mpya pamoja na kuifunga dola 795, springi mbili dola 390, vigurudumu vipya dola 175, na huduma ya mlango mzima dola 120. Jumla dola 1,480. Alisema bei hiyo ni ya siku ile tu, na kwamba naweza kulipa kwa miezi 12 bila riba nikichukua kadi yao. Nikamwambia mume hayupo, sikusaini.

Dada, mwezi huu nimetuma dola 420 za karo na vifaa vya mdogo wangu aliyeko shule ya bweni. Benki nina dola 310 hadi mshahara ujao, na akiba ya dharura ni dola 600. Tuna chama cha wanawake 12, zamu yangu ni Aprili, dola 1,200. Mume anasema nimwombe mwenye zamu ya Februari tubadilishane, na kwamba springi atafunga mwenyewe kwa sababu ameona video. Mimi nafikiria ile kadi. Gari likilala nje kwa baridi hii, asubuhi haliwaki.

Na jambo moja dogo. Fundi alipopanda ngazi alicheka, akaniuliza ni nani aliyeyafunga macho ya mlango juu darini kwa tepu, yanatazamana. Tuliikuta nyumba hivyo. Sijui kama linahusu. Mashine yenyewe ina kibandiko cha mwaka 2006.

Nizipange vipi pesa hizi?

Mama Wawili, Brooklyn Park

*

Marahaba, Mama Wawili. Pole kwa baridi, na pole kwa usingizi.

Nitaanza na lile uliloliita dogo, kwa sababu ndilo lililonifanya niisome barua yako mara mbili. Yale macho mawili hukaa pande mbili za mlango, karibu na sakafu, si juu ya inchi 6. Moja hutuma mwali usioonekana, la pili huupokea. Mtoto akiukatiza mwali huo wakati mlango unashuka, mlango husimama na kurudi juu. Marekani ililazimisha kinga ya namna hii kwa mashine za nyumbani zilizotengenezwa kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na haikufanya hivyo kwa kupenda vifaa. Watoto walikuwa wamebanwa chini ya milango hii wakafa, wengine wakiwa katika michezo ya kukimbizana na mlango unaofunga.

Aliyeishi hapo kabla yenu huenda macho yalimsumbua, yakakataa kufunga mlango siku za barafu au jua lilipoyapiga. Akayapandisha darini, akayatazamanisha, na mashine ikaamini kwamba njia ni nyeupe saa zote. Tangu mhamie, watoto wako wamekuwa wakipita chini ya mlango mzito usioona. Nashukuru mlikuwa salama. Fundi aliyeliona hilo katika nyumba yenye mtoto wa miaka minne alipaswa kukuketisha na kukueleza kabla hajataja bei yoyote.

Kwa sasa mashine haifanyi kazi, kwa hiyo hatari imelala. Usiiamshe. Ichomoe plagi leo, na umwambie mume kwamba mlango huo haurudi kwenye umeme, kwa mashine mpya au ya zamani, mpaka macho yashuke mahali pake. Hapo ndipo bajeti yako inapoanzia.

Sasa tuitazame karatasi ya fundi, tukiiweka kando ya yale uliyoyaona kwa macho yako. Umeniandikia vizuri sana, mdogo wangu, pengine bila kujua umeandika nini.

Ule unga mweupe ni gia. Mashine nyingi za mnyororo za umri huo zina gia ya nailoni ndani, laini kuliko chuma kinachoizungusha, na inapolika hutoa unga kama huo. Mota inazunguka lakini haina cha kushika, ndiyo maana unasikia sauti na mnyororo haujongei. Na kilichoimaliza, naamini, ni ule usiku. Maji ya theluji yaliingia chini ya mpira wa mlango, yakaganda, mpira ukashikana na saruji. Wewe ukabonyeza, mota ikavuta mlango uliogandishwa chini. Gia iliyokuwa imechoka kwa miaka haikuweza kuhimili mara tano. Usijilaumu, wengi hufanya hivyo wakiwa na haraka ya kazi. Lakini lijue, kwa sababu mashine mpya nayo itakutana na barafu ile ile. Jioni ya siku ambayo theluji imeyeyuka, futa maji pale mlango unapokutana na sakafu, na upake mpira mafuta ya silikoni mara moja kila majira ya baridi. Ukikuta umeganda, gongagonga barafu taratibu kama alivyofanya mume. Maji ya moto usimwage, yataganda tena hapo hapo.

Springi, dola 390. Hapa mume wako ameshafanya kipimo bila kukusudia. Mlango wa gereji ya magari mawili unaweza kuzidi kilo 70. Mota haiubebi uzito huo. Anayeubeba ni springi, mota inausukuma tu. Springi ikikatika, mlango huwa mzigo wa kuinua watu wawili, na ukiuachia katikati unaanguka. Wenu uliinuka kwa mkono mmoja na ukabaki katikati. Hiyo ni springi iliyo hai na mlango uliosawazika. Ukitaka kuhakikisha, simama ndani na mlango ukiwa umefungwa, tazama lile bomba la chuma lililolala juu ya mlango. Springi imezungushwa juu yake kama nywele zilizosukwa. Ikiwa imekatika utaona mwanya, wa upana wa vidole viwili au zaidi. Usiiguse, tazama tu. Kama hakuna mwanya, dola 390 zinatoka kwenye karatasi, na fundi yeyote anayezirudisha akuonyeshe kwa kidole kilichoharibika.

Na hapo hapo nimjibu shemeji yangu. Video ameiona, sawa, lakini springi hiyo imekunjwa kwa nguvu inayotosha kuinua mlango mzima. Chuma cha kuikunjia kikimponyoka, kinavunja mkono au uso. Dereva wa lori anaishi kwa mikono yake. Siku springi itakapokatika kweli, mtalipa fundi, kati ya dola 200 na 400, na zitakuwa pesa halali.

Vigurudumu, dola 175. Inua mlango kwa mkono, sikiliza na utazame. Kama vinazunguka ndani ya reli na havikwami wala kuyumba, viache. Huduma ya mlango, dola 120, kwa kawaida ni kukaza nati na kupaka mafuta bawaba, vigurudumu na springi. Chupa ya mafuta ya kunyunyizia ya milango ya gereji haifiki dola 15. Mume anaweza kuifanya kazi hiyo Jumapili moja kwa nusu saa, ilimradi asiguse nati za springi wala za nyaya za chuma za pembeni.

Tumetoa dola 685. Imebaki mashine, dola 795, na hata hiyo haijashuka mahali pake.

Kuna njia ya bei ndogo kabisa, lazima nikutajie. Gia ya mashine kama hiyo huuzwa peke yake, pamoja na grisi yake, mara nyingi chini ya dola 50. Mtu mwenye mikono mizuri huibadilisha kwa saa mbili tatu. Mashine ingekuwa ya miaka sita au saba, ningekwambia ufanye hivyo bila kufikiri mara mbili. Lakini ya kwenu ni ya 2006, na umri wa kawaida wa mashine hizi ni miaka 10 hadi 15. Ukiiweka gia mpya leo, bodi yake ya umeme inaweza kukuacha nje saa moja na nusu asubuhi ukitoka kazini. Mpango nitakaokupa hapa chini ukishindikana, gia ni njia ya heshima, kwa sharti lile lile la macho. Ukiweza, nunua mpya.

Mpya ya namna gani? Mafundi hupenda kuanza na nguvu za farasi. Mlango wenu umesawazika, kwa hiyo nusu ya nguvu farasi inatosha, au robo tatu kama mlango ni mzito na una kinga ya baridi ndani yake. Zaidi ya hapo unalipia namba iliyo kwenye boksi. Mahali pa kuongeza pesa ni pengine. Mashine ya mnyororo hupiga kelele, ya mkanda wa mpira huenda kimya. Nyumba yenu mmoja anaondoka alfajiri watoto wamelala, na mwingine analala mchana. Tofauti ya bei ni kama dola 50 au 60, na utaziona thamani yake kila asubuhi kwa miaka kumi na zaidi. Hapo toa.

Betri ya akiba ya umeme ukikatika, si lazima. California iliifanya sharti kuanzia tarehe 1 Julai 2019, baada ya moto wa nyika wa 2017 kukuta watu gerejini na umeme hakuna. Kwako kuna kamba nyekundu na mlango unaoinuka kwa mkono mmoja. Kuunganisha na simu mara nyingi huja na mashine bila kulipia zaidi. Kama kuna ada ya kila mwezi ya huduma za ziada, ikatae.

Mashine ya mkanda kwenye maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi ni kama dola 220 hadi 300. Tuweke 260, na kodi ya mauzo isizidi 25. Macho mapya yamo ndani ya boksi. Rimoti ya pili, kama boksi lina moja tu, dola 30 hivi, kwa sababu rimoti zenu za zamani huenda zisikubaliane na mashine mpya. Fundi wa kuifunga, tuseme 185. Jumla dola 500. Kabla ya kununua, pima urefu wa mlango. Maboksi mengi yana reli ya mlango wa futi 7, na wa futi 8 unahitaji kipande cha kuongezea ambacho hulipiwa peke yake. Na muulize fundi kwa maandishi kama bei yake inajumuisha kushusha ya zamani na kuiondoa, na kuyafunga macho chini na kuyajaribu mbele yako.

Hii kazi ya kufunga, tofauti na springi, shemeji anaweza kuifanya mwenyewe akipata mwenzake wa kushika, nusu siku na ngazi imara. Akikubali, mnaokoa zile 185. Lakini asiifanye akiwa ametoka safari.

Pesa zenyewe sasa.

Kadi ya kampuni, hapana. "Bila riba kwa miezi 12" ya kadi nyingi za aina hii ina masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo: riba inahesabiwa kimya kimya tangu siku ya kwanza, na usipomaliza deni lote mwezi wa 12, wanakudai riba ya mwaka mzima kwa pamoja. Tuseme riba ni asilimia 29 na wewe unalipa dola 50 kila mwezi kwa uaminifu. Mwisho wa mwaka umelipa 600, umebakiwa na 880, na juu yake inaangushwa riba ya zaidi ya dola 300. Mama anayetuma karo Januari hawezi kuwa na uhakika wa kila mwezi. Mimi pia sikuwa nao. Mwaka wangu wa tatu Marekani niliingia deni la namna hii kwa ajili ya kochi, na bado naikumbuka ile barua ya mwezi wa 13.

Chama, hapana pia. Mwenzako wa Februari naye ana lake alilolipangia, na ukimwomba kwa ajili ya mlango, siku ukiomba kwa ajili ya msiba au tiketi ya kwenda nyumbani ghafla utakuwa umeshaitumia nafasi yako. Acha Aprili ibaki Aprili.

Karo uliyotuma usiisikitikie hata kidogo. Mtoto ameshaingia darasani, ahadi imetimizwa. Mlango unaweza kusubiri, mtoto asingeweza.

Akiba ya 600 usiiguse. Mashine ya joto la nyumba ikizima Januari Minnesota, hiyo ndiyo dharura, na itataka fundi usiku huo huo. Mlango wa gereji mkononi una usumbufu, lakini unaenda. Gari litaendelea kulala ndani: ukitoka, unainua, unatoa gari, unashusha. Ukirudi asubuhi, unaingia kwa mlango wa mbele, unafungua kwa ndani. Dakika tatu za baridi. Watoto wasiruhusiwe kuuinua. Na kwa kuwa mashine ndiyo iliyokuwa ikiushikilia, sasa mlango haujifungi wenyewe, kwa hiyo weka komeo la ndani usiku na mkiwa kazini. Milango mingi inalo tayari pembeni, limesahaulika tu.

Kisha kila wiki mbili, mishahara ikiingia, tengeni dola 125. Nasema tengeni, wewe na mume, yeye 65 na wewe 60 kama mtapenda, kwa sababu naona katika barua yako mzigo wote umeuweka mabegani mwako. Mara nne ni dola 500, mko mwanzoni mwa Machi. Ukipata zamu moja ya ziada kazini, au mume akifunga mashine mwenyewe, itakuwa Februari. Fungueni akaunti ndogo ya pembeni na muipe jina la mlango, pesa zisichanganyike na za chakula.

Baada ya hapo msiifunge akaunti hiyo. Springi za kawaida hutengenezwa kwa mizunguko 10,000, kupanda na kushuka ni mzunguko mmoja. Nyumba yenye watu wawili wa zamu na watoto wa kupeleka shule haikosi mizunguko 6 kwa siku. Gawanya mwenyewe: ni siku 1,666, miaka minne na nusu hivi. Sijui springi zenu zilifungwa lini, na huenda nanyi hamjui, kwa hiyo zichukulieni kama wageni wanaoweza kuaga wakati wowote. Dola 10 kwa mwezi zinatosha kuzisubiri, na zikikatika muulizie fundi zile za mizunguko 20,000 au zaidi, hazipandi bei sana.

Yule fundi wa 1,480 akipiga simu tena, mwambie umeiona gia, umeiona springi, na kwamba unataka bei ya mashine na kuifunga peke yake. Ukiona bei inashuka haraka, usimchukie, lakini piga simu nyingine mbili kabla ya kukubali.

Siku mashine mpya itakapofungwa, msifurahie kabla ya majaribio mawili. La kwanza, mlango ukiwa unashuka, pitisha ufagio mbele ya macho. Usimame na kurudi. La pili, laza ubao wa unene wa inchi moja na nusu sakafuni chini ya mlango, uache ushuke juu yake. Ukiugusa urudi. Ukishindwa lolote kati ya hayo, fundi haondoki, na halipwi. Yarudieni kila mwezi, na waonyesheni watoto wenu wote wawili, waelewe mlango huu ni kitu gani.

Na kabla hamjabonyeza kitufe mara ya kwanza, hakikisheni lile komeo la ndani limefunguliwa. Mota mpya ikivuta mlango uliofungwa komeo, inaupinda.